Kuchukua Fomu Maine: Mwongozo Kamili wa Kugombea Kiti cha Bunge la Jimbo

Baraza la Wawakilishi la Maine, jimbo lililo kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, lina viti 151. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,362,359 katika jimbo zima. Ukigawanya, mwakilishi mmoja anasimamia watu kama 9,000 tu. Wadi ya Kenya kwa wastani ina watu zaidi ya 30,000, na anayeiwania anajua inavyomkausha mfuko. Kiti cha Maine mtu anayefanya kazi ya zamu anaweza kukizunguka chote kwa miguu yake, mlango kwa mlango, na jimbo lenyewe likamlipia kampeni akitimiza masharti.

Naandika kwa ajili ya Mkongomani wa Lewiston, Mrundi na Mnyarwanda wa Portland, Mkenya wa Westbrook: aliyekwisha kula kiapo cha uraia, anayelipa kodi na kusomesha watoto hapa, na ambaye akiambiwa agombee hudhani anataniwa. Novemba 2022, Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston walishinda viti vyao wakawa Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia kuingia bunge hilo. Miaka miwili baadaye Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa katika baraza la Minnesota. Njia ipo. Kinachowaangusha wengi ni kuchelewa na makaratasi, na kudhani kura zinapatikana kwenye mikutano mikubwa. Zinapatikana mlangoni. Kila kitu kinachofuata kimepangwa ili kukupa saa nyingi zaidi za kusimama mlangoni.

(Nikisema jimbo, nakusudia Maine yote. Eneo la kiti kimoja nitaliita wilaya.)

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa

Katiba ya Maine inataka mambo manne kwa mwakilishi: awe na umri wa miaka 21, awe raia wa Marekani kwa miaka 5, awe ameishi Maine mwaka mmoja, na awe mkazi wa wilaya yake kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi na muda wote wa uwakilishi. Kwa useneta wa jimbo umri ni 25.

Hiyo miaka 5 ya uraia ndiyo inayotuhusu zaidi. Haihesabiwi kufikia siku ya kuchukua fomu wala siku ya kura. Inahesabiwa kufikia mwanzo wa kipindi, na bunge jipya hukutana Jumatano ya kwanza ya Desemba baada ya uchaguzi. Toa cheti chako cha uraia kabatini, soma tarehe, fanya hesabu kwa kalamu. Miaka ya grini kadi haiingii humo.

Ukihama nyumba katikati, angalia ramani kwanza. Portland na Lewiston zimegawanywa wilaya kadhaa, na kuvuka barabara moja kunaweza kukutoa kwenye wilaya yako. Kwa mpangaji ambaye kodi inaweza kupandishwa, hili ni la kuzungumza na mwenye nyumba mapema.

Hatua ya 2: Chama au bila chama

Uchaguzi ni kila baada ya miaka miwili, miaka kama 2026 na 2028. Ukipitia chama, utaingia kura za mchujo Jumanne ya pili ya Juni. Ukisimama bila chama, unaruka mchujo na kwenda moja kwa moja Novemba, na fomu zako zina muda zaidi, hadi Juni 1. Inavutia, lakini kwa mgombea mpya mwenye jina geni nashauri chama. Chama kinakupa orodha ya wapiga kura, watu wa kujitolea waliokwisha kufanya kazi hii, na jina pembeni ya jina lako kwenye karatasi ya kura, ambalo kwa wapiga kura wengi ndilo jambo la kwanza wanalosoma.

Uamuzi wowote utakaofanya, uandikishe kwa karani wa mji wako kabla ya Januari 1 ya mwaka wa uchaguzi. Sheria inambana mtu anayebadili chama dakika za mwisho.

Halafu nenda kwenye kamati ya chama ya mji wako. Kamati hizi ni watu wachache, mara nyingi wastaafu, wanaokutana maktabani au ukumbini. Hudhuria kimya mara kadhaa, saidia kupanga viti, wafahamike kwako nawe ufahamike kwao. Mtaani kwao neno la mama mmoja mzee wa kamati lina uzito kuliko bango.

Hatua ya 3: Jua idadi ya kura unazotafuta

Matokeo ya chaguzi zilizopita yako wazi kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo, inayosimamia uchaguzi. Chukua ya mchujo uliopita na ya Novemba iliyopita katika wilaya yako, ukilinganisha mwaka wa rais na mwaka wa rais, mwaka wa gavana na mwaka wa gavana, kwa sababu idadi hutofautiana sana. Tuseme kwenye mchujo zilipigwa kura 1,200 na wagombea walikuwa wawili. Basi unahitaji 601, na kwa usalama ulenge 700. Mia saba ni watu unaoweza kuwasalimia mmoja mmoja. Andika namba hiyo ukutani.

Hatua ya 4: Mweka hazina kabla ya yote

Kabla hujapokea hata dola moja, mteue mweka hazina na ujiandikishe kwa Tume ya Maadili ya Serikali na Taratibu za Uchaguzi iliyoko Augusta, mji mkuu wa Maine. Usimpe kazi hii shemeji kwa sababu ni shemeji. Mpe mtu asiyechoka na risiti: mwenye kufanya kazi ya uhasibu, karani wa benki, mwalimu wa hesabu. Ripoti za fedha zina tarehe, zikichelewa kuna faini, na jina linalochafuka ni lako.

Ongeza mtu wa pili wa kupanga ratiba na watu wa kujitolea. Inatosha. Kampeni ya kiti hiki haihitaji meneja wa kulipwa wala kamati ya watu ishirini yenye mwenyekiti na makamu.

Hatua ya 5: Fomu za wadhamini

Hapa ndipo watu hukwama, ingawa kazi yenyewe ni ndogo. Hakuna ada ya kugombea. Kwa kiti cha Baraza la Wawakilishi kupitia chama unatakiwa saini zisizopungua 25 na zisizozidi 40. Bila chama ni 50 hadi 80. Useneta kupitia chama ni 100 hadi 150. Fomu zinaanza kuzunguka Januari 1, na za chama lazima ziwe zimefika kwa Katibu wa Jimbo, Augusta, kabla ya saa kumi na moja jioni, Machi 15.

Ishirini na tano zinaonekana chache, mpaka utazame jinsi saini inavyokataliwa. Mdhamini lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa ndani ya wilaya yako na, kwa fomu ya chama, aliyeandikishwa katika chama chako. Jirani anayekupenda sana lakini hana chama hafai. Rafiki wa kanisani aliyehama mwaka jana bila kumwambia karani hafai. Mke akimwandikia mumewe aliye kazini, saini hiyo inafutwa, na anayezungusha fomu anajiingiza matatani, kwa kuwa yeye ndiye anayeapa mbele ya notari (ofisa wa kushuhudia viapo) kwamba aliziona zote zikiwekwa kwa macho yake.

Kwa hiyo usisimame dukani na ubao ukingoja wapita njia. Pata orodha ya wapiga kura, chagua majina 45 ya wanachama wa wilaya yako, nenda nyumbani kwao. Hakikisha jina na anwani vinasomeka, na kwamba anwani ni ile iliyo kwenye daftari la wapiga kura. Simama ukiwa umefikisha kama 38, maana zikikataliwa kumi bado umevuka.

Kisha fomu zinapelekwa kwa karani wa mji azikague na kuthibitisha kila saini. Wilaya ikigusa miji miwili au mitatu, kila mji unathibitisha wapiga kura wake tu, kwa hiyo tenga karatasi za kila mji tangu mwanzo. Usingoje wiki ya mwisho. Makarani wa miji midogo hawako ofisini kila siku, na Machi ya Maine ina theluji inayofunga barabara. Lenga kumaliza mwisho wa Februari. Pamoja na wadhamini utawasilisha kiapo chako cha kukubali kugombea, nacho kinataka notari.

Jambo moja linalosahaulika: mwandikie mwajiri wako barua. Sheria ya Maine inamlazimu mwajiri kumpa mbunge likizo ya kuhudumu bungeni na kumlindia kazi yake, mradi mfanyakazi amemwarifu kwa maandishi ndani ya siku 10 tangu achukue hatua ya kuingiza jina lake kwenye kura. Waajiri wadogo kabisa wana msamaha. Ipeleke barua siku ileile unayoanza kuzungusha fomu, na ubaki na nakala yenye tarehe.

Hatua ya 6: Fedha, na kwa nini Maine ni tofauti

Mwaka 1996 wapiga kura wa Maine walipitisha Sheria ya Uchaguzi Safi, ikaanza kutumika katika uchaguzi wa 2000, na mwaka 2015 wakaiongezea nguvu. Mgombea anayethibitisha kwamba watu wa wilaya yake wanamtaka anapewa fedha za umma kuendesha kampeni, naye anaacha kuchukua michango ya kawaida. Kwa mtu asiye na marafiki matajiri, hii ndiyo sababu ya kugombea Maine kabla ya kufikiria kwingine kokote.

Uthibitisho ni michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura 60 wa wilaya yako. Kwa useneta ni 175. Kipindi kinaanza Januari 1 na kufungwa Aprili 20, na kabla ya kuendelea mbali na ukusanyaji unawasilisha tamko la nia kwa Tume. Dola 5 hizo si zako, zinaingia kwenye Mfuko wa Uchaguzi Safi. Zinaweza kulipwa mtandaoni, kwa hundi au kwa hawala ya posta au benki (money order).

Kila mtoaji anasaini kwamba fedha ni zake na hakupewa chochote badala yake. Hili lichukue kwa uzito wote. Kwetu ni adabu kumlipia mgeni au mzee. Mama akisema hana dola tano leo, mkono wako unakwenda mfukoni wenyewe. Uzuie. Kumlipia mtu mchango huu ni udanganyifu, na kampeni inaweza kuzikwa hapo. Mwambie, "Mama, usijali, nitapita tena wiki ijayo," halafu upite kweli.

Kwa gharama za mwanzo, kama kuchapa vipeperushi, unaruhusiwa kuchanga fedha za mbegu: si zaidi ya dola 100 kwa mtu, jumla dola 1,000 kwa kiti cha uwakilishi, na kutoka kwa watu binafsi tu. Kampuni ya rafiki yako hairuhusiwi. Ukikubaliwa unapata mgao wa mchujo, kisha wa Novemba, na ukitaka nyongeza unarudi milangoni: kila michango mingine 15 inafungua fungu jingine, hadi mara nane. Viwango vya mgao hurekebishwa, hivyo uliza Tume kiwango cha mwaka wako. Kila senti itumike kwa kampeni na iwe na risiti. Inayobaki inarudishwa.

Nashauri ufanye kazi ya saini na ya dola 5 kwa ziara moja ukiweza. Ni mlango uleule.

Hatua ya 7: Jamii yetu, na mipaka ya sheria

Kiangazi cha 2019, mamia ya watu waliokuja na familia zao kuomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walilala kwenye ukumbi wa michezo wa Expo mjini Portland, na wenyeji wakawaletea chakula na nguo. Wengi walibaki. Ni watu wako, watakushangilia, na asilimia kubwa yao bado hawawezi kupiga kura.

Asiye raia asijiandikishe kupiga kura, asisaini fomu yako ya udhamini, asitoe ile dola 5. Kujiandikisha au kupiga kura bila uraia kunaweza kumfukuzisha nchini, na hakuna hakimu wa uhamiaji atakayesikiliza kwamba alikuwa anamsaidia ndugu. Litangaze hili mwanzo wa kila mkutano, kwa Kiswahili, Kilingala, Kinyarwanda na Kirundi, hata kama waliohudhuria wanakufahamu vizuri.

Upande wa fedha: mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuchangia kampeni, kama zile fedha za mbegu. Asiye raia na asiye na grini kadi haruhusiwi, wala ndugu aliyeko Bukavu, Nairobi au Bujumbura. Harambee ya kundi la WhatsApp, ile ambayo mmoja anakusanya kwa simu kisha anatuma kwa jina lake, ni marufuku, kwa kuwa kila dola lazima ijulikane mwenyewe.

Lakini kazi ya kujitolea bila malipo iko wazi kwao. Wanaweza kutembea nawe, kukunja barua, kupika, kulea watoto wako jioni za kampeni. Ukiwa na baba na mama kumi wa namna hiyo una nguvu ambayo mpinzani hana.

Kanisani na msikitini nenda kama muumini. Usimwombe mchungaji au imamu akuombee kura kutoka madhabahuni au mimbarini. Sheria ya kodi ya shirikisho imeyawekea mashirika ya dini masharti kuhusu siasa, na si haki kumtia kiongozi wa dini mashakani kwa ajili ya kiti chako. Baada ya ibada, nje, msalimie kila mtu.

Hatua ya 8: Nyumba kwa nyumba

Kwenye wilaya ya watu 9,000 jamii yetu ni sehemu, wala si wengi. Utashinda kwa kura za fundi bomba, muuguzi mstaafu, mwanafunzi, mama mwenye asili ya Kanada ya Kifaransa ambaye babu zake walikuja kufanya kazi viwandani Lewiston. Hao hawatakuja mkutanoni kwako. Wafuate.

Anza mapema, hata Februari, kwa wale wanaopiga kura kila mchujo, ambao daftari linaonyesha walipiga lini (si walimpigia nani). Siku za kazi nenda kati ya saa kumi na nusu na saa moja na nusu jioni. Jumamosi anza saa nne asubuhi. Milango 15 kwa saa ni mwendo mzuri, na nusu haitafunguliwa. Bonyeza kengele, rudi nyuma hatua mbili au tatu ushuke ngazi moja ili anayefungua akuone mzima, mikono yako ionekane, kitambulisho cha kampeni kifuani. Kwa mtu mweusi kwenye mtaa wa wazungu, hizi hatua tatu nyuma zinabadilisha mazungumzo yote.

Kisha sema kwa ufupi: "Habari za jioni. Naitwa fulani, naishi mtaa wa pili hapo. Nagombea kiti chetu cha Baraza la Wawakilishi. Kuna jambo gani hapa kwetu ungependa Augusta ilishughulikie?" Halafu nyamaza. Usijaze ule ukimya. Watakuambia kuhusu bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto, kodi ya ardhi iliyopanda, mtoto aliyerudi kuishi nyumbani kwa sababu hakuna pa kupanga. Sikiliza mpaka mwisho, uliza swali moja la kuendeleza, ndipo useme msimamo wako kwa sentensi mbili. Kabla ya kuondoka omba kura kwa maneno wazi: "Naweza kuitegemea kura yako tarehe fulani?" Watu wengi wenye heshima zetu huona aibu kuomba. Asiyeombwa hatoi.

Ukigeuka tu, andika: jina, jambo alilotaja, na namba kutoka 1 (anakupigia) hadi 5 (hakupigii kamwe). Usiku huo mwandikie kadi kwa mkono, mistari miwili, ukitaja jambo lake. Hakuna tangazo linaloshinda kadi hiyo.

Lafudhi yako haina haja ya kuombewa radhi. Jina refu liandike kwenye kipeperushi pamoja na namna ya kulitamka. Mlango ukifungwa kwa hasira, andika 5, nenda wa pili. Ukimkosa mtu, acha kipeperushi kwenye kitasa chenye mstari mmoja wa mkono wako. Usikitie ndani ya sanduku la barua, maana sheria ya posta ya shirikisho inakataza kuweka humo kitu kisicho na stempu.

Kuwa mkweli kuhusu kazi yenyewe. Mbunge wa jimbo hatoi vibali vya kazi wala haamui hifadhi, hayo ni ya Washington. Anachoamua ni bajeti ya shule, bima ya afya ya MaineCare, msaada wa dharura unaotolewa na miji, sheria za upangaji, na leseni za kazi, zikiwemo zinazomzuia muuguzi aliyesomea Kinshasa kufanya kazi yake. Hapo pana vya kutosha kupigania.

Hatua ya 9: Mchujo wa Juni

Tangu 2018 mchujo wa Maine unapigwa kwa kura za kupanga: mpiga kura anaandika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtu akikuambia amekwisha kumwahidi mwingine, usimfute. Mjibu, "Nashukuru kwa ukweli wako. Ningeomba uniweke wa pili." Wagombea wakiwa watatu au zaidi, kura za aliyetolewa zinahamia kwa chaguo la pili, na ushindi unaweza kutoka huko. Hii ina maana pia usimseme vibaya mshindani wako, kwa sababu wafuasi wake unawahitaji. Tangu 2024 asiye na chama naye anaweza kupiga kura katika mchujo wa chama anachochagua, basi wagongee na hao.

Hatua ya 10: Novemba

Uchaguzi mkuu wa viti vya jimbo hautumii kura za kupanga. Mwenye nyingi ndiye mshindi, hata kwa kura moja. Karatasi za kura ya mapema hutolewa siku 30 kabla, bila mtu kutakiwa kutoa sababu, kwa hiyo kampeni yako iwe imeiva mwisho wa Septemba. Tena saa zikirudishwa nyuma mapema Novemba, jua la Portland linazama kabla ya saa kumi na moja kasorobo, na hakuna anayefurahia kugongewa gizani. Maliza milango mipya Oktoba, zile siku za mwisho rudi kwa namba 1 na 2 uhakikishe wamepiga.

Maine inaruhusu raia kujiandikisha siku ileile ya kura, haki ambayo wapiga kura waliirudisha wenyewe mwaka 2011 baada ya bunge kuifuta. Raia wapya wa jamii yetu waelezwe hivyo, na waambiwe walete uthibitisho wa utambulisho na makazi. Panga magari.

Kituoni, kampeni ni marufuku ndani ya futi 250 za mlango. Mgombea anaruhusiwa kuwapo na kusalimia kwa jina lake, lakini asitaje kiti anachogombea wala asiombe kura. Simama, vaa koti zito, toa mkono.

Kesho yake ondoa mabango, piga simu kwa kila aliyejitolea, na umpe mweka hazina risiti zote, kwa sababu ripoti ya baada ya uchaguzi inadaiwa kwa aliyeshinda na aliyeshindwa vilevile. Ukishinda, kiapo ni Jumatano ya kwanza ya Desemba, na kikao cha kwanza kinakwenda hadi Juni. Panga zamu zako na mwajiri kabla ya Krismasi, na upange nani atawachukua watoto shule siku ambazo mjadala wa Augusta utapitiliza hadi usiku.